Wazimu na Njia ya Reli: Historia ya Matunzo ya Wagonjwa wa Akili Vijijini mwa Katanga

Historia ya tiba katika Kongo ya Wabelgiji imeandikwa kwa wingi, na aghalabu imeyafuata maradhi ambayo serikali na makampuni yaliyaogopa. Malale yaliandikiwa ripoti nyingi. Ndui, kaswende na nimonia ya wachimba migodi zilihesabiwa mwaka hata mwaka. Wagonjwa wa akili hawakupata bahati hiyo, kama ni bahati. Mtafiti anayetafuta habari zao katika jimbo la Katanga hukuta vipande tu: dokezo katika ripoti ya gereza, mstari mmoja katika taarifa ya daktari wa kampuni, maelezo ya mmisionari aliyeshangazwa na ngoma za usiku. Uhaba huo wa kumbukumbu ni jambo la kihistoria linalodai maelezo yake lenyewe.

Makala haya yanahusu hasa eneo ambalo tangu mwaka 2015 linaitwa jimbo la Haut-Katanga, lenye makao yake makuu Lubumbashi na wilaya sita: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Hoja inayotetewa humu ni kwamba umaskini wa huduma za akili katika wilaya hizo haukuletwa na imani za wanavijiji, ingawa hiyo ndiyo sababu iliyotajwa mara nyingi na madaktari na watawala. Umeletwa na mambo mawili yaliyokwenda sambamba. La kwanza ni jinsi tiba ya jimbo zima ilivyojengwa kuuzunguka mgodi na reli. La pili, ambalo halijatajwa vya kutosha, ni lugha.

Matibabu ya kale

Kabla ya Wazungu, na kwa muda mrefu baada ya kuja kwao, maradhi ya akili yalikuwa shauri la ukoo. Miongoni mwa Waluba palikuwapo bulumbu, yaani uaguzi wa mtu aliyepandwa na roho. Mwaguzi alitikisa kibuyu kilichojaa vitu vidogo vidogo, akasoma namna vilivyoangukiana, na humo akaona chanzo cha taabu ya mgonjwa. Chanzo hicho mara chache kilikuwa ndani ya mgonjwa peke yake. Kilikuwa baina yake na watu: deni lisilolipwa, marehemu aliyesahauliwa, ndugu aliyekula kiapo cha uongo.

Kwa ndugu zao Walunda mambo yalielekea huko huko. Victor Turner, aliyefanya utafiti miaka ya 1950 hadi 1954 miongoni mwa Wandembu wa Mwinilunga, ng'ambo ya pili ya mpaka wa Katanga, ameeleza kwa kina tiba ya ihamba, ambamo mganga hudai kutoa mwilini mwa mgonjwa jino la mwindaji aliyekufa. Kilichomvutia Turner hakikuwa jino. Kabla halijatoka, jamaa wote wa mgonjwa walipaswa kusimama mmoja mmoja na kutamka hadharani kinyongo walichokuwa nacho. Makala yake juu ya mganga wa Kindembu yalichapishwa mwaka 1964 katika kitabu cha wataalamu wa maradhi ya akili, na tangu hapo yamesomwa sana na madaktari ambao hawajapata kuvuka mto Lualaba.

Haifai, hata hivyo, kuyapamba mambo haya kupita kiasi. Uaguzi uliotafuta chanzo baina ya watu uliweza pia kumpata mtu wa kulaumiwa, na mashtaka ya bulozi, kama wanavyouita uchawi watu wa Katanga, yaliwaangukia mara nyingi wajane na wazee wasio na mtetezi. Mgonjwa mkali aliyewashinda wenyeji alifungwa kamba. Aliyewashinda kabisa aliachwa atangetange. Waandishi wanaosema kwamba Afrika ya zamani haikuwa na wendawazimu barabarani huenda hawakuwauliza wanavijiji wenyewe.

Kijiji kama ghala la mgodi

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mahali pa Élisabethville mwaka 1910, na mji ukaanzishwa mwaka huo huo. Wafanyakazi wa mwanzo walikufa kwa wingi katika kambi. Ndipo kampuni, hasa kuanzia miaka ya 1927 na 1928, ikageuza siasa yake: ikaajiri watu kwa mikataba ya miaka mitatu kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi, ikawaruhusu kuja na wake zao, ikajenga zahanati, shule na vituo vya kupimia watoto uzito. Kwa viwango vya Afrika ya wakati ule, tiba ya kambi za Union Minière ilikuwa nzuri. Wanahistoria wengi wamekwisha kulisema hilo.

Lisilosemwa sana ni jinsi tiba hiyo ilivyochagua watu wake. Mtu alipimwa kabla ya kuajiriwa, na aliyeonekana hafai tena kazi alirejeshwa kwao. Mfanyakazi aliyeanza kuongea peke yake, aliyekataa kushuka shimoni, au aliyeanguka kifafa karibu na tanuri, hakuwa mgonjwa wa kulazwa miaka na miaka kwa gharama za kampuni. Alipewa tiketi ya kurudi. Hivyo vijiji vilitoa vijana wenye nguvu na vikapokea waliovunjika. Kuwatunza waliovunjika kulikuwa gharama ya uchimbaji wa shaba ambayo haikuingia katika hesabu yoyote ya kampuni. Ililipwa na mama, dada na wake.

Serikali ya koloni nayo haikujenga hospitali za wagonjwa wa akili kwa namna walivyofanya majirani zake. Ni kweli kwamba hospitali hizo za Waingereza hazikuwa za kutamanika. Ingutsheni ya Bulawayo ilifunguliwa mwaka 1908, ile ya Nairobi ambayo baadaye iliitwa Mathari ilianza mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma mwaka 1927. Zote zilianza kama mahali pa kufungia watu kuliko mahali pa kutibia. Rhodesia ya Kaskazini, iliyopakana na Katanga, haikuwa hata na hiyo. Wagonjwa wake walisafirishwa hadi Ingutsheni, mpaka hospitali ya Chainama Hills ilipofunguliwa Lusaka mwaka 1962. Reli iliyowachukua wagonjwa hao kusini ndiyo iliyokuwa ikichukua shaba ya Katanga. Lakini katika Kongo, mgonjwa Mwafrika aliyeleta fujo mjini aliishia gerezani au katika chumba cha nyuma cha hospitali. Asiyeleta fujo hakuonekana.

Jambo hili linashangaza zaidi mtu akikumbuka Ubelgiji ilikuwa nchi gani. Mji wa Geel, katika jimbo la Antwerp, umejulikana tangu zama za kati kwa desturi ya familia za kawaida kuwapokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao, wakala nao na kulima nao. Mjini Ghent, daktari Joseph Guislain, aliyefariki mwaka 1860, alikuwa miongoni mwa waliowaondolea wagonjwa minyororo. Na mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru wa Kongo, ilikuwa katika maabara ya Paul Janssen, huko Beerse, ndipo ilipotengenezwa haloperidoli, dawa ambayo hata leo inategemewa na hospitali maskini duniani kote. Kwa hiyo Ubelgiji ilikuwa na wazo la matunzo ya kijijini, ilikuwa na madaktari, na mwishowe ikawa na dawa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofika Mitwaba. Wazo la wagonjwa kukaa katika familia lilipopata umaarufu barani Afrika, lilitokea Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria, ambako Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa pamoja na jamaa zao katika vijiji vilivyozunguka hospitali. Tanzania baadaye ikajaribu mpango wa vijiji vya wagonjwa wa akili vyenye mashamba yake, na katika miaka ya 1980 ikajaribu kuingiza huduma hiyo katika zahanati za mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro.

Lugha ya roho

Katikati ya ukimya huo wa hospitali, watu wa kambi walijitafutia mahali pa kuongelea taabu zao, na waliongea kwa Kiswahili. Mfano ulio wazi ni Jamaa. Placide Tempels, padri Mfransisko ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa Élisabethville mwaka 1945, aliongoza katika miaka ya 1950 kundi la wafanyakazi wa migodi na wake zao, hasa upande wa Kolwezi. Mafundisho yao yalizunguka maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian, aliyelichunguza kundi hilo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1971, alionyesha kwamba ndoto zilikuwa na nafasi kubwa mno ndani yake. Mtu aliota, akamsimulia mkubwa wake katika Jamaa, ndoto ikapimwa, ikajadiliwa, ikapewa maana.

Wakuu wa Kanisa waliitazama Jamaa kwa jicho la mashaka, na wataalamu wa jamii wakaiona kama madhehebu. Kwa upande wa historia ya tiba inafaa itazamwe vingine. Hawa walikuwa watu waliong'olewa katika koo zao, wanaoishi katika nyumba za safu zenye namba, chini ya king'ora cha kampuni. Jamaa iliwapa baba na mama wa kuchagua, na saa ya kusema yale ambayo zahanati ya kampuni haikuwa na fomu ya kuyaandika. Haikuwa hospitali, wala haikudai kuwa. Hata hivyo ni vigumu kutaja taasisi nyingine ya Katanga ya miaka ile ambayo ilimketisha mfanyakazi Mwafrika na kumsikiliza habari za usiku wake.

Mbali na Jamaa palikuwa na hofu zisizo na mahali pa kutulia. Élisabethville na kambi zake zilijaa habari za batumbula, watu waliosemekana kuwateka Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu. Watawala walicheka. Rik Ceyssens, katika uchunguzi wake wa mwaka 1975, aliziita habari hizo ngano ya wanyonge, na ni tafsiri yenye nguvu. Ila haitoshi kumwelewa mtu aliyeshindwa kulala kwa hofu hiyo.

Hapa ndipo swali la lugha linapokuwa zito. Kiswahili kina msamiati mkubwa wa taabu za akili, na kila neno lina nadharia yake. Wazimu lina nasaba na mzimu, na mwendawazimu ni mtu anayekwenda na wazimu wake. Kwa Wanyarwanda waliokuja migodini, abazimu ni roho za waliokufa, kwa hiyo kwao neno lilikuwa bado na kivuli chake chote. Kifafa ni jambo jingine kabisa. Kuwa na mawazo mengi si wazimu, wala kuumwa na roho si ugonjwa wa moyo. Mtu wa Lubumbashi akisema kichwa chake kimechoka, hasemi kwamba kinamuuma. Munganga, kwa Kiswahili cha Katanga, ni yule wa mizizi na ni yule wa koti jeupe. Lugha haikuona haja ya kuwatenga.

Hospitali iliwatenga. Chuo kikuu kilichofunguliwa Élisabethville mwaka 1956 kilifundisha udaktari kwa Kifaransa, na hadi leo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha hivyo. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini faili la mgonjwa huandikwa kwa Kifaransa. Kwa mvunjiko wa mguu hilo halidhuru sana. Kwa ugonjwa ambao dalili zake zote ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, linadhuru. Muuguzi wa kijijini husikia Kiswahili, au Kibemba, Kisanga au Kizela, kisha hukitafuta Kifaransa kilicho karibu. Mara nyingi kilicho karibu ni neno la homa au la maumivu ya kichwa, na mgonjwa huondoka na vidonge vya malaria. Wataalamu wa isimu wamekichunguza Kiswahili cha Lubumbashi kwa bidii, kuanzia Schicho mwaka 1980 na Kapanga mwaka 1991 hadi de Rooij mwaka 1996. Kazi zao zimejikita katika sarufi na katika uchanganyaji wa Kifaransa. Chumba cha muuguzi bado kinangoja mtafiti wake.

Baada ya uhuru

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja mwenye shahada kamili. Ilikuwa na wasaidizi wa tiba, ambao baadhi yao walipelekwa Ufaransa kukamilisha masomo. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 na ikarudi mwanzoni mwa mwaka 1963; vita hivyo viliacha wakimbizi na majeruhi, na hakuna aliyeuliza habari za akili zao.

Mageuzi makubwa ya tiba ya vijijini yalitoka kwingine katika Kongo ya Waswahili. Huko Kasongo, Maniema, kuanzia mwaka 1971, madaktari walioshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walijenga mfumo wa vituo vidogo vinavyotegemeana na hospitali moja. Mfumo wa aina hiyo, uliotiwa nguvu na mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, ndio uliozaa katika miaka ya 1980 kanda za afya 306, ambazo leo ni 519. Ni kazi ya kuheshimika. Kanda ziliendelea kuchanja watoto hata serikali ilipokuwa haipo. Ugonjwa wa akili, hata hivyo, haukuwa katika orodha ya mambo ambayo kituo kililazimika kuyatenda, na katika mfumo wa ruzuku lisilo katika orodha halina dawa.

Kisha yakaja miaka mibaya. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaanza kuanguka nao. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na maelfu walikaa miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali, au walikubalishwa, kuacha kazi kwa malipo ya mara moja, na pamoja na kazi wakapoteza hospitali ya kampuni. Huko kaskazini, baina ya Mitwaba, Manono na Pweto, vita vya Mai-Mai na jeshi vilichoma vijiji vizima kati ya mwaka 2004 na 2006. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi Dubie. Walitibu kipindupindu na utapiamlo, kama ilivyolazimu.

Katika Lubumbashi yenyewe, mzigo umebebwa kwa sehemu kubwa na shirika la Mabruda wa Upendo, lililoanzishwa Ghent mwaka 1807 na ambalo Guislain alilifanyia kazi. Kituo chao cha Lubumbashi kina jina la daktari huyo, kama vile Bukavu wana Sosame, iliyoanza mwaka 1994, na Goma wana Tulizo Letu. Jina hili la mwisho ni la Kiswahili, na si jambo dogo: mgonjwa anaweza kulitamka na kulielewa. Lakini kituo cha mjini ni cha mjini. Kutoka Mitwaba hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, na masika barabara hukatika. Familia inayomleta mgonjwa mkali lazima iwe na nauli ya watu watatu au wanne, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kumshika, na iwe na ndugu mjini wa kupikia. Wengi hufika baada ya kuuza kilichouzika kwa waganga na katika vyumba vya maombi. Daktari huwalaumu kwa kuchelewa. Kwa kweli walianza siku ya kwanza, ila walianza kwa aliye karibu.

Majaribio ya kuipeleka huduma vijijini yamefanywa. Lubero, katika Kivu ya Kaskazini, wauguzi wa vituo vya kawaida walifundishwa kuyatambua maradhi machache ya akili na kuyatibu kwa dawa chache. Jaribio la namna hiyo limefanywa pia katika kanda ya afya ya Tshamilemba, mjini Lubumbashi, ambako chuo kikuu kina watafiti wake. Yaliyoonekana yanalingana na aliyoyaona Louise Jilek-Aall tangu mwaka 1960 na kuendelea, alipoanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania: muuguzi anaweza, dawa si ghali, fenobabitoni imekuwako tangu mwaka 1912, na wagonjwa huja wakisikia kwamba mmoja wao amepona. Tatizo huanza mradi ukiisha. Dawa zikikosekana miezi miwili, mgonjwa wa kifafa huanguka tena motoni, na kijiji kizima hujifunza kwamba dawa ya kizungu haifai.

Waganga wa mizizi, kwa upande wao, hawajaondoka, na hawaombi ruzuku. Mwaka 1974 Fabian alirekodi Lubumbashi mazungumzo marefu na mmoja wao, Kahenga Mukonkwa Michel, aliyekuwa ameitwa kuifunga nyumba dhidi ya wezi na wabaya. Humo mganga anaulizwa juu ya kazi yake na kuieleza mwenyewe kwa Kiswahili cha Katanga, bila haraka na bila mkalimani. Mazungumzo hayo yamewekwa katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu wa kawaida kwenye intaneti, chini ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, na yakazaa kitabu mwaka 2008. Ni miongoni mwa maandishi machache ambamo ujuzi wa tiba wa Katanga umehifadhiwa katika lugha ulimosemwa. Wanafunzi wa udaktari wa Lubumbashi wangeweza kuyasoma bila kamusi, na wengi wao wangetambua ndani yake maneno ya mama zao. Katika masomo yao hawapewi.